Mwanafunzi Mmoja, Kitenzi cha Wengi

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi ambayo siitaji jina, kwa sababu sheria yake inamtaka kila anayeitaja asimame wima na kuvua kofia, nami nimeshakaa, na upara wangu unashika baridi haraka. Ilikuwa nchi nzuri. Barabara zake zilikuwa na mashimo, lakini mashimo yenyewe yalikuwa yamezinduliwa rasmi. Mvua ikinyesha, gazeti la serikali lilimshukuru Mkuu wa Nchi. Isiponyesha, liliwashukuru wananchi kwa uvumilivu wao.

Mkuu wa Nchi aliitwa Mtukufu Nukta. Si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na Bunge, kwa sababu akishasema yeye, hakuna anayeendelea.

Lugha ya serikali ilikuwa Kiingereza. Wananchi walisema Kiswahili sokoni, msibani na usingizini, lakini amri na hukumu na pongezi zote zilitoka kwa Kiingereza ili ziwe na uzito. Mimi mwenyewe nilikifundisha miaka mingi, kabla sijateuliwa kuwa Mkaguzi, na ninakipenda jinsi mtu anavyompenda mkwe mkali. Kwa wasiokijua niseme jambo moja tu, maana bila hilo hadithi hii haiendi. Waingereza ni watu wa kubana matumizi. Kiima na kitenzi wamepewa herufi S moja wagawane, kama ndugu wawili wenye blanketi moja. Mwanafunzi akiwa mmoja, kitenzi ndicho kinachojifunika S. Wakiwa wengi, kiima kinalivuta blanketi na kitenzi kinabaki na baridi yake. Na kwa mambo yaliyopita, kuna neno "was" la mtu mmoja, na neno "were" la watu wengi, wala hayaazimani. Huo ndio unaoitwa upatanisho. Darasani kwangu, aliyekosea upatanisho alisimama kwa mguu mmoja mpaka kipindi kiishe, na leo baadhi yao ni mabalozi.

*

Katika mji mkuu wa nchi ile palikuwa na Chuo cha Ualimu, na katika chuo kile bomba la maji lilikauka. Wanafunzi wakaandika barua. Wakajibiwa kwamba maji yapo, ila yako njiani. Wakangoja. Walipochoka kungoja wakatoka kwa mstari, wawili wawili, na sare zao nyeupe, kila mmoja na ndoo tupu kichwani, wakaelekea Ikulu kuomba maji. Kwa bahati mbaya askari wa zamu walikuwa bado hawajafundishwa kutofautisha ndoo na kofia ya chuma.

Mimi nilikuwa nyumbani, nasahihisha mitihani. Nilisikia kitu kama mabati yanapigwa. Halafu nikasikia malori. Halafu nikasikia ukimya, na mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata kivuli chake, akaingia chini ya kitanda changu akakataa kutoka.

Kesho yake Mtukufu Nukta alilihutubia taifa kwa redio. Hotuba ilikuwa imeandikwa na katibu wake, Dakta Sifuni Malekano, msomi mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kukubali. Waliokuwepo husema kwamba hotuba ya kwanza ilikuwa na neno "students", kwa wingi. Mtukufu aliitazama, akasema neno moja: "Punguza." Dakta Sifuni akakohoa, akatoa wino mweupe wa kufutia, akatia tone moja juu ya ile S. Ikatoweka, na waliokuwa ndani yake wakatoweka nayo. Lakini haraka haraka haina baraka. Alishughulikia kiima, akasahau kitenzi.

Basi taifa zima likamsikia Mtukufu, kwa sauti yake nzito ya baba wa wote, akisema: "The student were buried this morning with full honours." Yaani, kwa lugha yetu ya nyumbani, mwanafunzi mmoja walizikwa asubuhi hii kwa heshima zote.

Kinyozi wa mtaani kwetu aliacha kichwa cha mteja nusu. Wasiojua Kiingereza nao walielewa, kwa sababu waliwaona wanaokijua wamenyamaza ghafla. Ilikuwa kana kwamba mtu amefunga mlango wa chumba chenye watu wengi, akasahau vidole vya mmoja kwenye ufa.

*

Jambo lingeweza kupita. Wananchi wa nchi ile wana kipaji cha kupitisha mambo. Lakini balozi wa nchi moja rafiki aliandika barua ya rambirambi, akasema serikali yake imeguswa sana na msiba wa mwanafunzi wetu, na akaomba afahamishwe kwa hisani ni wangapi.

Baraza la Mawaziri likakutana. Waziri wa Ulinzi alipendekeza kitenzi kikamatwe. Waziri wa Afya alieleza kitaalamu kwamba huenda mwanafunzi yule alikuwa mnene. Waziri wa Takwimu akasema mmoja ni idadi ya makadirio, na makadirio huweza kupanda. Mwanasheria Mkuu, ambaye alikuwa mtu wa ukweli na kwa hiyo hakudumu, alisema njia ni mbili tu: ama kiima kirekebishwe kifuate kitenzi, na wote tunajua hiyo maana yake nini, ama Mtukufu akiri kwamba aliteleza ulimi.

Mtukufu Nukta alimtazama mpaka akakaa.

"Mimi sitelezi," alisema. "Kama mimi nimesema hivi, na sarufi inasema vile, basi ni sarufi iliyoteleza. Sarufi ni nani? Imechaguliwa na nani? Ni mbunge wa jimbo gani?"

Hapakuwa na aliyejua jimbo la sarufi. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Upatanisho wa Taifa, kwamba tangu siku ile, katika mipaka yote ya nchi, neno la mtu mmoja ni "were". Mimi ni "were", wewe ni "were", yeye ni "were". Neno "was" likapigwa marufuku kama vile bangi. Ikaundwa pia Wizara ya Upatanisho, Dakta Sifuni akapandishwa kuwa Waziri wake, nami nikateuliwa Mkaguzi Mwandamizi, nikapewa baiskeli na kofia.

*

Siku tulipopandisha kibao cha Wizara, akina mama walikuja wengi hata tukafunga geti. Walikuja na kanga zao nzuri, wengine wanalia kwa furaha. Walikuwa wamesoma kibao: Wizara ya Upatanisho. Wakadhani serikali imetaka kupatana nao.

Mbele yao alisimama Bi Kalunde, ambaye mji mzima ulimwita Mama Nyamizi. Alikuwa na mgahawa wa wali na maharage nyuma ya ofisi za serikali, na hakuna waziri ambaye hakuwahi kulamba vidole pale. Mtoto wake wa pekee, Nyamizi, alikuwa mwaka wa mwisho Chuo cha Ualimu. Nilimfundisha mimi, tangu akiwa msichana wa sketi ya bluu, na katika upatanisho hakuwahi kusimama kwa mguu mmoja hata siku moja. Utotoni mchi ulimponda kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kikapona kimepinda, na alipoandika ubaoni kile kidole kilikaa pembeni peke yake, kimetazama dirishani. Asubuhi ile ya maji aliondoka na ndoo ya bluu ya mgahawa. Hakurudi.

Alichotaka Mama Nyamizi kilikuwa kidogo. Alitaka kuambiwa kwamba mwanawe amekufa, na amelala wapi, ili atandike mkeka wa msiba, watu waje wakae naye, walie, kisha matanga yaanuliwe na yeye aweze tena kulala. Mkeka alishanunua. Ulisimama umeviringishwa nyuma ya mlango wa mgahawa. Lakini katika nchi ile kumlilia mtu ambaye serikali haijatangaza kifo chake ni uchochezi, na serikali ilikuwa imetangaza mmoja tu, bila jina.

"Shikamoo, Mwalimu," aliniambia kupitia nondo za geti.

"Marahaba, mama."

"Tumefurahi mmetukumbuka. Mnaanza lini kupatanisha?"

"Tumeshaanza," nikasema, nikampitishia kijitabu chetu chenye picha ya Mtukufu. "Kiima na kitenzi."

Alikigeuza kijitabu nyuma na mbele. "Na mimi na mwanangu?"

"Hiyo si idara yetu, mama."

"Basi niambie hili. Huyo mmoja mliyemzika, ndiye Nyamizi?"

"Yule ni Mwanafunzi wa Taifa. Mama yake ni Taifa."

"Taifa lilimzaa wodi gani?" akauliza, na wenzake wakacheka kicheko kile ambacho ukikisikia unatazama pembeni. Niliona haya. Nikakumbuka kofia yangu, nikaona haya kidogo zaidi, kisha nikafunga kidirisha cha geti.

*

Utekelezaji ulianza vizuri. Kosa letu, kama lilikuwepo, lilikuwa kudhani maneno ni watumwa.

Mahakamani, hakimu aliandika kwa mujibu wa sheria kwamba mshtakiwa "were present", na karani, ambaye alikuwa mtu makini, akaenda kuleta viti zaidi. Akacheka mwenyewe kwa kosa lake, akataka kuvirudisha. Akavikuta vina vumbi jeupe pale mtu anapokaa. Hospitalini daktari alisema kwa Kiingereza kilichoamriwa kwamba mgonjwa alikuwa na homa, wauguzi wakasikia kukohoa kwenye vitanda vilivyotandikwa upya. Katika harusi ya mtoto wa Mkuu wa Mkoa, mshereheshaji alisema bibi harusi alikuwa mrembo, kwa ile "were" yetu ya kizalendo. Bwana harusi akageuka kumtazama mkewe, akatazama na nyuma yake, akatoka ukumbini mbio mpaka leo.

Watu wakaanza kuzoea. Aliyesema "I were" aliacha nafasi kidogo pembeni. Katika ofisi, mtu akiwa na wageni rasmi, chai ilimiminwa vikombe vya ziada, na ile chai ilipungua. Nilikagua mwenyewe. Niliandika kwenye taarifa kwamba ni mvuke.

Na kila mahali lilikuwepo lile vumbi. Jeupe, laini, kama la chaki. Fundi wa Wizara alisema ni chokaa ya kuta, ingawa kuta zetu zilikuwa na rangi ya mafuta.

Niliogopa, na sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa nikisema "I were a teacher" nikiwa peke yangu chumbani, kwa mazoezi, na kimya kilichofuata kilikuwa ni kimya cha darasa lililojaa, pale ambapo wote wameinamisha vichwa wanaandika. Aliyefundisha anakijua kimya hicho. Hakifanani na cha chumba kitupu.

*

Siku moja mchana Dakta Sifuni aliniambia nifuatane naye tukale kwa Mama Nyamizi. Alikuwa amekonda. Mke wake alikuwa amehamia kwao, kwa maelezo kwamba nyumba imejaa.

Mgahawa ule ulihesabiwa kuwa eneo la ofisi, kwa hiyo sheria ilimtaka Waziri aagize kwa Kiingereza. Akakaa, akakohoa, akasema: "I were hungry."

Mama Nyamizi akapakua. Akaleta sahani ya wali, akaleta nyingine, akaenda akarudi, mpaka meza ikajaa na ya jirani ikajaa.

"Mama, mbona nyingi?" aliuliza Dakta Sifuni, sasa kwa Kiswahili, maana hofu haijui sheria.

"Mheshimiwa, umeagiza kwa wengi."

"Nimeagiza kwa mujibu wa sheria."

"Nami nimepakua kwa mujibu wa sheria. Karibuni chakula."

Tukala. Nilijilazimisha kuitazama sahani yangu tu. Lakini mtu hawezi kuyafunga masikio, na nilisikia vijiko. Dakta Sifuni alivisikia pia, kwa sababu aliweka chake chini na vile vingine vikaendelea. Tulipoinua macho wali ulikuwa umeliwa, na kwenye kingo za sahani palikuwa na alama nyeupe za vidole.

Waziri alisimama aondoke. Alikuwa amevaa suti nyeusi. Alipogeuka, Mama Nyamizi akaona mgongoni mwake, chini kidogo ya bega, kiganja cheupe, kama mtu amemgusa kumwomba ageuke. Vidole vinne vilinyooka. Cha mwisho kilikuwa kimepinda, kimekaa pembeni peke yake.

Nilikiona, nikakijua. Kijiko kiliniponyoka.

Mama Nyamizi hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza mpaka mbao ikalia. "Mheshimiwa," akasema polepole, "ni nani amekushika mgongoni?"

"Hakuna mtu," alisema Dakta Sifuni bila kugeuka.

"Amekushika anataka kukwambia kitu. Mwanangu huyo, tangu mdogo, akiwa na swali hushika mtu bega." Akakinyooshea kiganja kile mkono, asikiguse. "Unaweza kuniambia neno moja tu nikatandika mkeka wangu. Sikuombi jingine."

Dakta Sifuni akakohoa. Nikadhani atakubali, maana ndivyo alivyokuwa akikohoa. Lakini alitoka nje kwenye jua, na kile kiganja kikaenda naye.

*

Ulipotimia mwaka, Mtukufu Nukta aliamua kuzindua Sanamu ya Mwanafunzi katika uwanja ule ule wa mbele ya Ikulu. Ilikuwa sanamu moja, nyeupe, ya kijana asiyejulikana kama ni wa kike au wa kiume, na ndoo haikuwepo. Wananchi waliletwa. Akina mama walipangwa mbele, ili wapigapicha wapate nyuso zenye shukrani.

Mtukufu alitaka kuirudia sentensi yake, ile ile, kasoro "asubuhi hii" tu, ili dunia ijue kwamba haikuwa kosa. Na kwa kuwa akina mama wengi hawakujua Kiingereza, itafsiriwe papo hapo kwa Kiswahili na Bi Sikudhani Mtepa, mtangazaji wa redio ya taifa, mwanamke mwenye sauti ambayo hata taarifa ya bei ya mkaa ilisikika kama utenzi.

Hapo ndipo Wizara yetu ilipopata kazi. Kiingereza huweka umoja na wingi mkiani, na mkia hukatika. Kiswahili huweka mbele, mlangoni kabisa, huwezi kuingia katika kitenzi bila kusema ni wangapi. Bi Sikudhani akisema "mwanafunzi alizikwa", atakuwa amemsahihisha Mtukufu mbele ya mabalozi. Akisema "wanafunzi walizikwa", tutamzika na yeye. Kamati ilikaa wiki nzima ikinywa soda. Mwishowe Dakta Sifuni, ambaye siku hizo alikuwa hakai kwenye kiti bila kuacha nafasi, akapata neno: "marehemu".

Tulimpigia makofi. Marehemu! Marehemu mmoja ni marehemu, marehemu mia ni marehemu. Neno halipindi, halina umoja wala wingi wa kuonekana, halina upande. Bi Sikudhani akaelekezwa aanze na hilo. Tukanywa soda nyingine.

Siku yenyewe Mtukufu alisimama, akatoa miwani, akasema kwa ile sauti ya baba wa wote: "The student were buried with full honours." Kisha akanyamaza, kwa kuwa ameshasema.

Bi Sikudhani akakisogelea kipaza sauti. "Marehemu," alisema.

Nilimwona Dakta Sifuni akishusha pumzi. Kisha nikamwona akiivuta tena, uso umemgeuka kama majivu, kwa sababu ndipo alipokumbuka. Kwa mara ya pili maishani mwake alikuwa ameshughulikia kiima akasahau kitenzi.

Bi Sikudhani alisimama na mdomo wazi. Aliwatazama akina mama mstari wa mbele. Alitazama karatasi, ambayo baada ya lile neno haikuwa na kitu. Upepo ulipita, na kutoka kwenye sanamu likatoka vumbi jeupe likatua mabegani mwa watu. Alifumba macho.

"Wa," akasema.

Fundi mitambo akakata umeme. Alikuwa na kasi, sikatai, na alipewa nishani baadaye. Lakini silabi ilikuwa imeshatoka, ilikuwa moja tu, na ilikuwa imebeba watu wote.

Kisha Mama Nyamizi akasimama kwenye mstari wa mbele, hana kipaza sauti wala hana haja nacho, akaimalizia.

"Walizikwa," alisema.

"Walizikwa," wakasema akina mama.

"Walizikwa," ukasema uwanja, mpaka kwa askari waliokuwa nyuma. Na baada ya uwanja kumaliza, kikasikika kiitikio kingine kutoka upande ambao haukuwa na mtu, sauti za vijana, za pamoja, zilizonyooka, kama darasa linapomwitikia mwalimu aliyesema rudieni. Niliwajua kwa sauti. Nikainamisha kichwa, machozi yakanitoka mbele ya kofia yangu ya ukaguzi, wala sikuyafuta.

Mtukufu Nukta alikuwa ameshasema, na watu walikuwa wanaendelea.

*

Mkeka ulitandikwa jioni ile ile. Mama Nyamizi aliusukuma tu kwa mguu, ukafunguka wenyewe sakafuni mpaka ukutani, na majirani wakaleta mikeka yao wakaiunganisha nje mpaka barabarani. Usiku ulipoingia, mtaa mzima ulikuwa umekaa chini. Serikali ilikuwa inashauriana juu ya kuipiga marufuku silabi "wa", lakini tangazo lilichelewa kwa sababu kila aliyejaribu kuliandika alianza na "wananchi".

Nilikuwepo, rasmi kwa ajili ya ukaguzi. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Watu waliingia, wakampa mama pole, wakataja majina ya watoto wao na ya watoto wa wenzao, na hakuna jina lililokataliwa.

Ndipo akaja Dakta Sifuni, kwa miguu, bila dereva na bila koti. Watu wakasogea kumpisha, si kwa heshima. Viatu amevishika mkononi, na miguu yake ilikuwa myeupe mpaka magotini.

Alipiga magoti mbele ya Mama Nyamizi. Hakukohoa.

"Machimbo ya chokaa," alisema. "Nyuma ya kiwanda cha chaki. Wote. Nimetoka huko sasa hivi, mama. Kuna ndoo ya bluu."

Mama Nyamizi alilia. Alilia kilio ambacho alikuwa amekiweka mwaka mzima nyuma ya mlango pamoja na mkeka, na akina mama wote wakalia naye, mpaka sauti zikawakauka. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akamtazama yule mtu aliyepiga magoti.

"Umekuja peke yako?" akamwuliza.

Dakta Sifuni akageuza shingo taratibu, akatazama nyuma yake, kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Tumekuja," alisema.

Mimi ni Mkaguzi, na mazoea yana taabu. Mtu mmoja, kitenzi cha wengi: mkono wangu ulishakwenda mfukoni kutafuta kalamu nyekundu. Lakini kabla ya kuitoa nilitazama sakafu. Nyayo nyeupe zilikuwa zimeingia mlangoni pamoja na zake, ndogo kwa kubwa, wawili wawili, kwa mstari, na zile za mbele zilikuwa zimeshafika kwenye ukingo wa mkeka. Nikairudisha kalamu. Kosa halikuwepo.

Mama Nyamizi alijisogeza, akapangusa mkeka kwa kiganja, akatazama juu ya bega la Waziri.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Karibuni mkae."